Kivuli Chenye Ndoo

Picha yenyewe ninayo. Iko nyuma ya kabati hapa kwangu Tandika, imefungwa kwa shuka kuukuu na uso wake umeelekea ukutani. Natanguliza hilo kwa sababu najua nikifika katikati utaanza kunitazama kwa jicho la huruma, useme huyu alikuwa amekunywa, au jua la utosi lilimzidi. Sinywi. Na jua la Dar nimekaa nalo tangu nizaliwe, halijawahi kunionyesha mtu ambaye hayupo. Haya ninayokusimulia yalitokea, tena mchana, na yalimchukua mtu ambaye mpaka leo nikichemsha chai najisahau natoa vikombe viwili.

Mimi ni fundi wa mabango. Ukipita mitaa ya Temeke ukaona kibao cha kinyozi chenye vichwa vinne vya wanaume, kila kimoja na mtindo wake wa nywele na wote wamenuna kama wamegombana, basi huenda ni mkono wangu huo. Kazi hiyo nilikuwa naifanya na Salum, rafiki yangu wa Buguruni, tangu zamani, kabla mashine za kuchapisha mabango hazijaanza kutunyang'anya wateja. Salum alikuwa mrefu, mpole, na alivaa kofia ya pama iliyochakaa ambayo mkewe, Mwanaidi, aliificha kila mara na yeye akaifukua kila mara. Alikuwa na tabia moja. Hakuweza kumpita mtu mwenye mzigo. Hata awe na haraka gani, akimwona mama anahangaika na gunia au ndoo, lazima asimame amtwike au amtue, kisha ndiyo aendelee na safari yake. Nilikuwa namtania kwamba angezaliwa Kariakoo wangemfanya kuli. Ishike hiyo tabia, tutairudia.

Jumapili hatukugusa mabango. Tulipanda pikipiki yake, hadibodi zetu, zile mbao nyembamba za kuchorea, zimefungwa nyuma kwa mpira, makopo ya rangi kwenye ndoo ndogo, tukaenda nje ya mji kuchora. Unacheka? Hata Mwanaidi alicheka. Aliuliza watu wazima wawili, wenye watoto wanaosubiri viatu vya shule, wanakwenda kuchora majani ya nani. Tulicheka naye, tukawasha pikipiki. Ila ngoja nikuambie, maana bila kulielewa hili hutaelewa nilichopoteza.

Bango unalichora pua yako imekaribia ukuta, na mwenye duka amesimama nyuma anasema ongeza wekundu. Nje hakuna aliyekuagiza. Unakaa kwenye kigoda, unafungua makopo, na mwanzoni jicho halioni kitu zaidi ya kijani. Ukitulia, kijani kinaanza kuachana. Kuna kijani cha mihogo, kuna kijani cha mkorosho, kuna cha nyasi zilizokula vumbi la barabara. Upepo unakukausha jasho. Wadudu wadogo wanatua kwenye rangi mbichi wanakufa humo, nasi hatukuwatoa, Salum alisema hao nao ni wenyeji. Kinyerezi tulichora bonde lote na mitambo ya umeme kwa mbali, na Salum akashinda anapigana na ile hewa inayotetemeka juu ya mabomba ya moshi, anaifuta, anairudia, mpaka akaipata. Alipoipata akanishika bega. Ulikuwa ni utajiri ule. Sina neno lingine.

Tulikuwa na taratibu zetu mbili. Ya kwanza ilikuwa kufunga vivuli. Jua halimngoji mtu. Ukifika asubuhi, kabla hujagusa mti wala nyumba, unachora vivuli vyote kwa rangi nyepesi, kwa sababu mchana vitafupika na alasiri vitakuwa vimegeukia upande wa pili. Usipovifunga mapema, picha yako itakuwa na mti wa asubuhi na nyumba ya jioni, na anayeitazama atahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hajui ni nini. Kwa hiyo picha zetu zote zilikuwa za asubuhi, hata zile tulizozimaliza wakati wa kufunga virago.

Ya pili ilikuwa ya upendo tu. Kila mmoja alimweka mwenzake kwenye picha. Mdogo, saizi ya njiti ya kiberiti, ametupa mgongo. Picha zangu zote zina kofia ya pama mahali fulani, na za Salum zote zina kijitu kifupi kilichokaa kwenye kigoda, ndiyo mimi huyo.

Halafu kuna watu wa njiani. Ukichora nje, lazima mtu atasimama nyuma yako, atatazama, atakosoa kidogo, kisha atasema, "Fundi, nichore na mie." Huwezi kumkatalia. Umekuja kwao, umekaa kwenye ardhi yao, unachukua mandhari yao. Unachovya brashi, unaweka doa la rangi ya shati lake pale barabarani, unamwambia haya, huyo hapo. Anacheka, anaondoka na furaha yake. Nimewaweka wauza kahawa, wachunga mbuzi, wanawake wenye kuni. Ni adabu ya kazi, hakuna mchoraji anayeifikiria mara mbili. Na mimi sikuifikiria.

Jumapili hiyo tulikwenda Wazo. Ukikiacha kilima chenye kiwanda cha saruji, ukaiacha na lami, ukapita nyumba ambazo ujenzi wake umeishia kwenye linta, unakutana na machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Ni shimo kubwa lenye kuta nyeupe, na chini yake kuna bwawa la maji ya mvua, ya kijani, yametulia kama maziwa kwenye bakuli. Vumbi jeupe limelala juu ya kila jani. Niambie, mchoraji gani atapita pale asisimame?

Salum alikaa juu, karibu na barabara. Mimi niliteremka katikati, nikaweka kigoda juu ya mwamba. Jua lilikuwa linatokea upande wa barabara, kwa hiyo vivuli vyote vilijinyoosha kuelekea majini. Nikavifunga. Salum aliteremka mpaka ukingoni kuangalia rangi ya maji, akasimama pale mikono nyuma, kofia yake kichwani, na mimi ambaye sina subira nikamchora hapo hapo, yeye na kivuli chake. Alipopanda kurudi kwenye kigoda chake nilimwambia, "Wewe nimeshakumaliza." Akasema, "Wewe unakula chakula kabla hakijapakuliwa."

Adhuhuri ikaingia. Salum akaswali pembeni ya barabara, tukala chapati na chai ya chupa, tukarudi kila mtu mahali pake. Jua likavuka. Ilikuwa imekaribia alasiri nilipohisi mtu yuko kushoto kwangu.

Alikuwa mwanamke amebeba ndoo ya bati kichwani, zile ndoo za zamani ambazo siku hizi huzioni. Kanga yake ilikuwa imefifia mpaka maandishi hayasomeki, na ilikuwa inachuruzika maji kwenye pindo. Nikamsalimia, shikamoo mama. Hakuitikia. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana mji huu hata aliyekukasirikia atakujibu marahaba. Nikajisemea labda hasikii vizuri, labda amechoka. Alisimama anatazama picha, ndoo kichwani, muda ambao mtu yeyote angekuwa ameshaitua chini.

Nikasema, "Ningekutua mama, lakini mikono yangu ina rangi."

Akanitazama. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nichore na mie."

"Nikuweke wapi?"

Akanyoosha mdomo kuelekea kwenye picha. "Pale. Na yule."

Yule ni Salum. Alimaanisha yule Salum niliyemchora ukingoni mwa maji. Kusema kweli niliona ni wazo zuri, kwa sababu mtu mmoja peke yake pale alikuwa anaonekana mpweke, na watu wawili wangeipa picha uzito. Nikamwambia ateremke asimame palepale ili nimwone vizuri. Akateremka. Hakuyumba, hakushika ndoo. Akasimama ukingoni, na mimi nikachovya brashi.

Nikamweka kushoto kwa Salum, bega kwa bega, wamegusana. Nikaweka ndoo. Nikaja kwenye kivuli, na nakumbuka niliona raha jinsi kilivyoingia bila taabu. Wale ninaowaongeza mchana huwa wananisumbua, kwa sababu kivuli cha kweli kimegeuka na mimi inabidi nikirudishe asubuhi kwa kichwa changu. Huyu hakunisumbua. Nilikuwa natazama kilipolala na kukinakili tu, mpaka na ile duara ya ndoo, kikaungana na kivuli cha Salum kwa rangi ileile ya brashi ileile.

Nikainua mguu kunyoosha goti, macho yakashuka kwenye kivuli cha kigoda changu. Kilikuwa kimelala kuelekea barabarani. Cha mkorosho, barabarani. Cha mawe yote, barabarani. Jua lilikuwa upande wa pili wa shimo, mbele yangu, linanipiga machoni. Na kivuli cha yule mwanamke kilikuwa majini.

Unanielewa? Alikubaliana na picha yangu. Hakukubaliana na jua. Kwake yeye ilikuwa bado asubuhi.

Nilipoinua macho ukingo ulikuwa mtupu. Nikateremka mbio mpaka pale. Kanga ile ilikuwa inachuruzika maji, lakini mawe aliyosimama juu yake yalikuwa makavu, yana vumbi lake jeupe, hayana hata unyayo.

Nikampigia Salum kelele, nikamuuliza yule mama ameelekea wapi. Akauliza mama gani. Alikuwa anahangaika na kijani cha maji tangu tumalize kula, macho yake hayakutoka bwawani. "Ulikuwa peke yako mwanangu," akasema. "Nilikusikia unaongea, nikajua unaimba." Nikamweleza. Hakucheka, kwa sababu aliuona uso wangu. Tukafunga virago, na njia nzima picha yangu mbichi niliishikilia hewani ili isiguse kitu. Jasho langu la baridi lilikuwa halikauki hata kwa upepo wa pikipiki.

Kama ingeishia hapo ningekuwa nakusimulia huku nacheka.

Wiki haikumalizika, Salum akaja kwangu mchana, hajanyoa, macho mekundu. Akakaa kwenye kiti cha uani, akasogeza kiti kidogo kulia, kama mtu anayempisha mwingine. Akaniambia kuna mwanamke anasimama kushoto kwake. Alikuwa juu ya ngazi anaandika bango la duka la dawa, akahisi maji yanamdondokea begani, akageuka, akamkuta yuko hewani sambamba na yeye, ndoo kichwani. Akila yupo. Akiswali yupo, ndani ya safu. Anasema neno moja tu, kwa upole, kama jirani anayeomba chumvi. Anasema, "Nitue."

"Na mie unanijua nilivyo," Salum akaniambia. "Mkono unaninyanyuka wenyewe. Jana ulishafika hapa." Akaonyesha usawa wa kifua chake.

Mwanaidi ndiye aliyekuwa anamzuia. Mwanamke yule ana akili kuliko sisi wote. Alimwambia mumewe, ukiipokea hiyo ndoo utaiweka wapi? Maana huyo kama angeweza kuiweka chini angeshaiweka. Haiwekeki chini hiyo, itataka kichwa kingine. Basi usiku alikuwa analala amemfunga mikono mumewe kwa kanga yake mwenyewe, upole upole, kama unavyomfunga mtoto anayejikuna tetekuwanga. Walishakwenda kwa shehe, dua ikasomwa, Salum akapumzika usiku mmoja. Asubuhi yake maji yakaanza tena kudondoka begani.

Niliogopa kumwonyesha picha, lakini ilikuwa imesimama palepale uani nilipoianika. Aliigeukia mwenyewe. Akaitazama, akainuka, akaikaribia mpaka pua ikataka kugusa.

"Ndiye huyu," akasema. "Kushoto hivi hivi. Bega hivi hivi." Kisha akanitazama, na sijawahi kuona mtu mzima akiomba kitu namna ile. "Nitolee huyu mtu, mwanangu."

Rangi ya mafuta ikishakauka haifutiki kwa kitambaa. Unaifunika. Nikachanganya nyeupe na kijivu na tone la njano mpaka nikaipata rangi ya lile jabali la machimbo, nikachukua brashi yangu nyembamba kuliko zote, nikaanza. Nilifanya kazi ile kama daktari. Nilianzia ndoo, nikashuka usoni, nikashuka kwenye kanga, na pale bega lake lilipogusana na la Salum nilibana pumzi ili nisimguse rafiki yangu hata kwa unywele. Salum alikaa nyuma yangu anatazama. Nilipoweka brashi chini akageuka kushoto. Akanyoosha mkono kushoto, akaupeleka mbele na nyuma.

"Hayupo," akasema.

Tulikaa pale uani tunacheka kama wehu. Nikapika chai, akanywa vikombe vitatu, akala na kiporo cha wali chote. Alilala usingizi kwenye mkeka wangu mpaka alasiri. Alipoamka akasema Jumapili twende tena Kinyerezi, ile hewa ya mabomba anataka kuirudia kwa rangi nyingine. Akavaa kofia yake, akawasha pikipiki, akaenda. Nilimwangalia mpaka akakata kona, na roho yangu ilikuwa nyeupe kabisa.

Kesho yake asubuhi niliamka, nikaichukua picha nikaisimamisha juu ya kiti mlangoni nione kama ile rangi mpya imeshikana na ya zamani. Jua la asubuhi lilikuwa linaipiga ubavu. Imeshikana vizuri, usingejua kuna mtu alikuwepo. Salum amesimama peke yake, mikono nyuma, kofia kichwani. Nikafuata miguu yake, nikafuata kivuli chake kinavyoteremka kuelekea majini.

Kivuli cha Salum kilikuwa na ndoo kichwani.

Nilikuwa nimeufunika mwili wa yule mwanamke. Kivuli chake nilikiacha. Kilikuwa kimeungana na cha Salum, rangi moja, brashi moja, na jana yake jicho langu lilikipita likijua chote ni cha rafiki yangu. Mimi, ambaye kila Jumapili naanza na vivuli. Sasa kilikuwa kimeshika visigino vya Salum, hakina mwingine wa kumshika.

Nikafungua kopo, nikachovya brashi, nikaisogeza. Mkono ukasita hapohapo. Sikuweza kujua cha Salum kinaishia wapi na cha yule kinaanzia wapi. Na nikifunika chote, nitakuwa nimemfanya nini mtu nikimwacha hana kivuli kabisa? Ungefanya nini wewe? Nilikuwa bado nimesimama hivyo simu ikaita. Mwanaidi.

"Shemeji, Salum yuko huko?"

Nikasema hayupo.

"Ameamka alfajiri akaswali vizuri kabisa. Jana alilala kama mtoto, nikamwacha mikono huru. Akaniambia anakwenda kuchota maji." Nikasikia anavyohema. "Shemeji, sie tuna bomba hapa uani."

Nikaweka brashi chini, nikaita bodaboda. Kutoka Tandika mpaka Wazo ni mji mzima kuuvuka, na siku ile kila taa ilikuwa nyekundu. Nilimsemesha yule dereva njia nzima, sijui nilimwambia nini. Nilipofika, pikipiki ya Salum ilikuwa imeegeshwa barabarani, ufunguo umo. Kofia ya pama ilikuwa juu ya jiwe, imewekwa vizuri, kama mtu anayeivua ili kichwa kiwe wazi.

Watu walikuwa wameshamtoa. Maji yaliyomchukua hayakuzidi magoti. Mama mmoja anayepika chakula cha wajenzi pale juu alikuwa amesimama pembeni, kanga imefunika mdomo. Alimwona tangu anateremka. Salum alisimama ukingoni, akanyanyua mikono miwili juu, akapokea kitu hewani, akajitwika. Mama akasema alivyojitwika shingo ilizama, kama anavyozama mtu aliyepewa mzigo mzito kuliko alivyotegemea. Kisha Salum akaingia majini polepole. Nikauliza kama wameona ndoo. Hakuna aliyeona ndoo.

Mama yuleyule ndiye aliyeniambia habari za yule mwanamke mwenye ndoo. Zamani machimbo yalipokuwa yanafanya kazi kulikuwa na kina mama wanaoponda kokoto. Mmoja wao aliteremka asubuhi kuchota maji ya kunywa, akapanda na ndoo imejaa, akawa anaita wenzake waje wamtue. Kila mmoja akamwambia ngoja. Ukingo ukaporomoka naye. Hawakumpata. Wenyeji hawachoti maji pale, na mtu akiwaomba kitu karibu na bwawa hawamjibu. Sisi tulikuwa wageni. Nani angetuambia?

Salum tulimzika siku hiyohiyo. Mwanaidi hakunilaumu, na laiti angenilaumu. Baada ya arobaini alinipa kitu kimefungwa kwa kitambaa, akasema hii ni yenu. Ilikuwa picha ya Salum ya Jumapili ile, hajaimaliza vizuri upande wa maji. Ila mimi alikuwa amenimaliza. Nimekaa kwenye kigoda, ameniweka juu kabisa, mbali na bwawa, mahali ambapo sikukaa. Kivuli changu kiko nyuma yangu, ni changu peke yangu, hakijagusana na kitu. Nililia mbele ya watoto wake, sikuweza kujizuia. Nilimrudishia, nikamwambia iache ukutani, wewe ndiye mwenye haki nayo. Nikienda kuwasalimia nakaa nimeipa mgongo.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe.

Nilirudi machimboni. Mara moja tu. Niliichukua picha yangu nikiwa na nia ya kuichomea palepale, nikidhani moto utamaliza. Ilikuwa alasiri, jua machoni. Nilipofika kwenye ule mwamba wangu nikamwona ukingoni. Hakuwa mwanamke. Alikuwa mrefu, kichwa wazi, mabega yameshuka, na juu ya kichwa ndoo ya bati. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika. Kivuli chake kililala kuelekea majini.

Akainua macho. Hakuinua kichwa, kichwa hakiinuki na mzigo ule. Macho tu.

"Fundi," akasema. Sauti yake ileile ya kila siku. "Nitue, mwanangu. Shingo inaniuma."

Na safari hii mikono yangu haikuwa na rangi.

Nataka unielewe vizuri. Sikuogopa. Woga ulikuja baadaye. Kwanza nilikwenda. Nilipiga hatua kuteremka, mikono imeshanyanyuka, kwa sababu huyu ni Salum, mtu ambaye aliwatua watu wote wa mji huu, na hakuna hata mmoja wa kumtua yeye. Jiwe likaponyoka chini ya mguu wangu, likabiringika, likaingia majini. Ule mlio ndio uliniamsha. Nikawakumbuka wanangu. Nikasimama. Yeye akaniona nimesimama, akaelewa, na Mungu ni shahidi hakuniita tena. Aliteremsha macho tu. Ingekuwa heri angeniita.

Nilikimbia na picha kwapani, sikuichoma. Nikiichoma nachoma nini? Nikimfunika kwa rangi namwondoa nani? Kwa hiyo imekaa nyuma ya kabati. Sichori tena nje. Nafanya vibao vya vinyozi, ndani, mlango nimeufunga, na vichwa vyangu vyote havina vivuli. Wateja wanasema siku hizi sura zangu zinaelea. Jumapili zikifika nasikia ile hamu, nasikia harufu ya nyasi na petroli, na hakuna mtu wa kumwambia tazama kile kijani.

Wewe unayenisikiliza, najua siku hizi hamchori, mnapiga picha kwa simu, tena mnapenda sana hayo machimbo kwa sababu ya weupe wake. Nendeni. Lakini mtu usiyemjua akikuomba umweke kwenye picha, kabla hujamkubalia tazama kivuli chako kimelalia wapi, kisha tazama chake. Vikiachana, ondoka, usimweke karibu na unayempenda.

Na ukifika lile bwawa la nyuma ya Wazo, ukamkuta mwanamume mrefu asiye na kofia anakuomba umtue, ningetamani nikuambie umtue. Amechoka, na ni mtu mwema kuliko wote niliowajua. Lakini una wako wanaokungoja nyumbani. Mwambie pole, Salum. Kisha pita.